Ratiba ya Kwenda Kilimarondo

Safari huanza kabla ya safari. Huanza pale mtu anapotwaa karatasi na kalamu, akaandika juu kabisa jina la mahali, akapiga mstari chini yake, kisha akaanza kuhesabu: siku ngapi, watu wangapi, mafuta kiasi gani, chakula kipi hakitachacha njiani. Mwenye karatasi inayosimuliwa hapa ni mtu wa hesabu. Amekuwa karani wa ghala kwa miaka mingi, ni mkaazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, na hakuna jambo la nyumbani mwake lisilopita kwanza daftarini. Usiku mmoja wa Februari 2025 alifungua ukurasa mpya, akaandika jina la Lushoto.

Sababu ya safari ilikuwa jicho la mama yake. Mama huyo ana umri wa miaka sabini na minne, na presha ya macho imekwisha kumzima jicho la kushoto. La kulia bado linaona, lakini linaona kama mtu anayechungulia tundu la ukuta: kilicho mbele yake anakipata, kilicho pembeni kimekwisha kufunikwa na giza. Daktari alisema wazi kwamba nuru iliyopotea kwa maradhi hayo hairudi, na kwamba dawa ya matone anayotiwa kila jioni ni ya kuilinda iliyobaki. Mtoto wa kiume na dada yake, ambaye ni muuguzi Morogoro, wakakubaliana kwa simu kwamba kabla tundu lile halijaziba, Mama apelekwe mahali pa kuburudisha macho.

Na nani asiyejua kwamba Lushoto huburudisha macho? Gari hutoka Dar es Salaam, likapita Chalinze na Segera, likaingia Korogwe, na kufika Mombo katika joto la bonde. Hapo hukata kulia na kuanza kupanda. Kwa kilomita thelathini na tatu hivi barabara hujikunjakunja ubavuni mwa mlima, jabali upande mmoja na shimo upande wa pili. Maporomoko ya Soni hunguruma njiani, na kila kona inapokatwa hewa hupoa kidogo. Juu kule, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, ndipo Wajerumani walipojenga mji wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, ili maofisa waliochoshwa na joto la pwani wapate mahali pa kupumua. Waingereza walifanya vivyo hivyo Bara Hindi, hata tangu 1864 serikali yao nzima ilikuwa ikihamia Simla kila kiangazi, mafaili kwa makarani. Miji ya namna hii ilijengwa na watu waliokuwa ugenini wakitamani baridi ya kwao. Leo ni mali yetu, na uzuri wake haukatai macho ya mtu yeyote.

Karani aliandika yote: nyumba ya wageni, siku tatu, kupanda Irente kutazama bonde la Mazinde kutoka ukingoni mwa jabali, shali ya Mama kwa ajili ya baridi. Mwenzake wa kazini alikuwa amempeleka mkewe huko mwaka uliotangulia, na picha zake zilikuwa zimezunguka ghala zima. Ratiba ilipokamilika alimsomea mama yake baada ya chakula cha usiku, kituo kwa kituo, kama mtu anayesoma wosia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Huko Lushoto, baba, nimemwacha nani?"

Mwanawe akasema hakuna aliyeachwa. Ni matembezi tu, Mama akapumzike, akaone milima.

"Kama ni mlima, nipelekeni kwenye kilima changu. Nipelekeni Kilimarondo."

Kilimarondo ni kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, mahali ambapo kitabu cha watalii hakipataji na muuza kadi za picha hakupapiga picha. Ni nchi ya miombo, mikorosho, ufuta na mbaazi; nchi ya Wamwera, Wayao na Wamakua waliooleana hata wasijue tena nani alianza kumwita mwenziwe shemeji. Lami haijaishi huko. Karani alizaliwa Kilimarondo mwaka 1975 na kuondoka mwaka 1983, akiwa na miaka minane, baba yake alipopata kazi bandarini Dar es Salaam. Tangu hapo amerudi mara mbili, zote kwa msiba, zote kwa basi la usiku. Akaona jeneza na kaburi, nchi hakuiona.

Dada alipopigiwa simu alishangaa. "Kaka, unampeleka Mama kwenye vumbi na jicho lile? Barabara ile ikimrusharusha? Dawa ikimwagika, utaipata duka gani kule?" Hayo yalikuwa maneno ya muuguzi, na hayakuwa na kosa. Karani naye aliona hivyo hivyo. Fedha waliyoichanga ilitosha safari moja. Kuimaliza kwa kumpeleka mgonjwa wa macho mahali penye vumbi na asipate hata mandhari, kwake ilikuwa kama kununua taa na kuiweka juani. Kwa wiki mbili daftari halikufunguliwa, na nyumbani mwao watu walizungumza mambo ya sukari na umeme.

Aliyelifungua tena ni mjukuu, kijana wa kidato cha tano, ambaye bibi yake humwita "mume wangu" na yeye humjibu kwa madai ya posho. Kijana aliitafuta Kilimarondo katika ramani ya simu, akaandika jina kwa haraka na kulikatiza, na ramani ikamletea Rondo. Akaja mbio sebuleni na habari kwamba kwao kuna mlima wa haki, nyanda za juu zenye msitu, kaskazini ya bonde la mto Lukuledi, mita mia tisa hivi kutoka baharini. Kuna misonobari iliyopandwa, kuna mivule ya asili, na kuna komba mdogo kuliko takriban komba wote wa dunia, mwenye uzito wa gramu sitini tu, ambaye wanasayansi walimtambua katika miaka ya 1990 na kumpa jina la mahali hapo, komba wa Rondo. Baba yake akafurahi sana. Ilikuwa kama suluhu imeshuka kutoka mbinguni: kusini anakokutaka Mama, na baridi wanayoitaka wao.

"Mume wangu," bibi akasema, "hiyo ni Rondo ya Lindi. Mimi ni wa Kilimarondo ya Nachingwea. Umetafuta mke ukaleta wifi."

Wakacheka wote, hata karani. Lakini kicheko kilipokwisha aliitazama upya ratiba ya kwanza, na akaona kwamba kila mstari wake ulikuwa umeazimwa: nyumba ya wageni aliyoisifu mwenzake wa ghalani, kona aliyoipenda mke wa mwenzake, jabali lililoonekana katika picha za watu wengine. Mabaharia wa pwani yetu wana neno lao la zamani: usisafirie nyota ya mwenzio. Akageuza ukurasa. "Haya Mama," akasema, "nipe njia."

Na Mama akaitoa njia, kwa kumbukumbu, kutoka Mbagala mpaka nyumbani, kijana akiandika na karani akisahihisha yaliyobadilika.

Kwake yeye njia ilianzia Rufiji, kwani yote ya kabla ya hapo alikuwa ameyapita usiku. Mwaka 1983 walikuja juu ya lori la magunia ya korosho, wakafika Ndundu, pantoni ikawa mbovu, wakalala siku mbili ukingoni wakipika uji kwa maji ya mto. Karani alikumbuka mbu tu. Mama alikumbuka mwanamke wa Kimatumbi aliyewagawia samaki bila kuwauliza majina. Enzi hizo masika ilipokaza, kusini yote ilikuwa kisiwa. Barua zilingoja, wagonjwa walingoja, na ndugu wa Dar es Salaam walizikwa bila ya watu wa kwao. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, urefu wake karibu kilomita moja, likapewa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye mwili wake ulirudishwa huko kuzikwa Julai 2020. Leo mto ule unavukwa kabla ya pipi kuyeyuka mdomoni. Mama aliposikia hivyo alisema: "Basi tutasimama. Mahali nilipolala siku mbili siwezi kupapita kama mwizi." Kijana akaandika: Rufiji, nusu saa.

Baada ya mto, Muhoro na Somanga, vilima vya Matumbi vikiwa upande wa kulia. Huko ndiko moto wa Maji Maji ulikowaka Julai 1905, na Mama alisimuliwa na bibi yake njaa iliyofuata vita, watu wakila mizizi mpaka nyani wakawaonea wivu. Kisha Nangurukuru, njia panda ya Kilwa na Liwale, kisha mto Mbwemkuru, kisha Mchinga na harufu ya chumvi, kisha Lindi. Hapa karani alieleza kwa nini safari haiwezi kuwa Aprili wala Mei. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua yake, maji yaliikata barabara hii sehemu za Somanga na kwingineko, na wasafiri wakakaa njiani kwa siku kadhaa, wa huku wakiwatazama wa ng'ambo. Daraja moja kubwa halijaifanya kusini kuwa bara. Yako makalvati mengi madogo ambayo mvua inayajua kwa majina.

Kutoka Lindi ni Mingoyo, ambako wasafiri hupaita Mnazi Mmoja, na hapo njia ya Masasi inaachana na ya Mtwara. Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda chini ya ukuta wa nyanda za Wamakonde, ambako Wabenediktini wamekaa tangu 1906 na ambako Mama alipelekwa hospitali akiwa msichana. Halafu Masasi na majabali yake, yamekaa tambarare kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi. Mjukuu hakujua kwamba mji ule una damu ya Unguja ndani yake. Mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani waliletwa kutoka Zanzibar pamoja na Askofu Steere, yule yule aliyekusanya na kuchapisha hadithi za Waswahili. Wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu kuelekea makwao ya zamani upande wa Nyasa, na walipofika penye majabali hayo wakasema hapa panatosha. Wengi wao hawakuweza tena kuonyesha kijiji walichoibwa. Walikuwa wamerudi nchini kwao bila ya kurudi kwao.

Tokea Masasi hadi Nachingwea si mbali. Ipo pia njia ya kukatia Nanganga na kupitia Ruangwa, nayo karani aliipenda kwa kuwa hakuwahi kuiona. Mama alishangaa kusikia kwamba Ruangwa imekuwa wilaya tangu 1995. Alipoondoka yeye, Ruangwa ilikuwa bado mtoto wa Nachingwea. Wakakubaliana: kwenda kwa Masasi, kurudi kwa Ruangwa.

Nachingwea yenyewe aliitaja kwa jina la baba yake. Baba yake alikuwa kibarua wa mpango wa karanga, ule ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 wakitaka mafuta ya kula kwa ajili ya watu wao; wakaleta matrekta, wakang'oa msitu, wakajenga reli na bandari, na mwezi Januari 1951 serikali yao ikatangaza kwamba imeshindwa. Mama alizaliwa mwaka huo, na umri wake nyumbani ulihesabiwa hivyo: alizaliwa mwaka karanga zilipokufa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye mashamba ya Nachingwea yakawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, na Mama anakumbuka vijana wa Msumbiji waliokuja vijijini kununua mihogo, wakiongea Kimakua kilichofanana na cha jirani zake, mpaka nchi yao ilipopata uhuru Juni 1975.

Hapo karani aliweka kalamu chini. Alikuwa na wazo la mwisho la kumpunguzia mama yake vumbi. "Tulale Nachingwea mjini, Mama. Ndugu waliobaki Kilimarondo watakuja kukuona hapo. Hukohuko mbele hakuna barabara ya kukupitisha wewe."

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akawaambia jambo ambalo marehemu mumewe alikataza lisitajwe nyumbani, ili kidonda kisitoneshwe.

Kabla ya karani alikuwako mtoto mwingine. Alikuwa wa kike, alizaliwa mwaka 1970, akafa mwaka 1971 kwa homa ya siku tatu, akazikwa nyuma ya nyumba. Nyumba yenyewe haikuwa pale kijiji kilipo leo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na mwaka uliofuata zamu yao ikafika. Wapo waliopata shule na zahanati kwa sababu ya kuhama huko, na yeye mwenyewe karani alijifungulia daftari lake la kwanza katika shule ya kijiji kipya. Lakini nyumba ya zamani ilibaki mahame. Paa likaanguka, ukuta ukarudi udongo, ikabaki miembe miwili na kaburi moja dogo lisilo na jina. Mume amekufa, mkwe amekufa, majirani wa wakati ule wamekufa au wameongozana na watoto wao mijini. Anayejua kaburi liko wapi ni mtu mmoja, na mtu huyo ana jicho moja, na jicho lenyewe linaziba.

Karani alikuwa ameitwa kifungua mimba tangu alipojua kusikia. Usiku ule, akiwa na miaka hamsini, aligundua kwamba alikuwa wa pili. Hakusema neno. Aliinuka, akatoka barazani, akampigia dada yake.

Dada alisikiliza. Alipoweza kusema, aliuliza swali moja tu: "Aliitwa nani?"

Karani akarudi ndani kumuuliza mama yake. Mama akajibu, "Mwambie jina lake analo yeye."

Simu ilikaa kimya hata karani akadhani imekatika. Kisha muuguzi akasema ataomba ruhusa kazini, dawa ya matone atakuja nayo chupa mbili, na wambakishie nafasi katika gari.

Baada ya hapo ratiba iliandikwa kwa siku moja. Wataondoka wiki ya mwisho ya Juni, masika ikiwa imekwisha, kipupwe kimeingia, shule zimefungwa, na ufuta wa Nachingwea unavunwa. Siku ya kwanza watalala Lindi, ya pili Nachingwea. Siku ya tatu asubuhi na mapema wataingia njia ya vumbi, gari la kukodi lenye miguu mirefu, matairi mawili ya akiba, na dereva wa huko huko anayejua mashimo. Miwani mipana ya kuzuia vumbi. Mapanga mawili ya kufyekea. Ming'oko ya kuchemsha watanunua njiani, kwa sharti la Mama.

Likabaki suala la kiti. Karani alitaka mama yake akae mbele, kama heshima. Kijana akamkumbusha kwamba kiti cha mbele cha abiria kiko kushoto, upande wa jicho lililokufa. Akitazama kulia atamwona dereva tu. Basi akae nyuma ya dereva, dirisha la kulia, ili vilima vya Matumbi vimjie wenyewe. Na wakishakata kona ya Mnazi Mmoja, Rondo itakuwa kulia vile vile.

"Hata wifi nitamwona," bibi akasema.

Jambo la mwisho lilifanyika kati ya bibi na mjukuu, karani akisikiliza kutoka mlangoni. Bibi alitaka mahame yaandikwe, endapo siku hiyo jicho litagoma. Kijana akachukua ukurasa mtupu, na bibi akamwambia aandike hivi: Miembe miwili. Ule wa upande wa machweo ndio wa kwetu. Uupe mgongo, uelekee linakochomoza jua, uhesabu hatua ishirini na mbili. Hapo pana jiwe, ukubwa wake kama kinu kilicholazwa.

"Nisomee."

Kijana akasoma, pole pole, kila neno. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akainua kidole.

"Hapo kwenye hatua, mume wangu, ongeza: ni hatua za mtu aliyebeba mtoto."